Miti na Maua ya Kupamba Nyumba katika Nchi ya Marambo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za miti na maua ya kupamba nyumba, na hasa kwa ajili ya wenzetu wakaao nchi ya Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wenye nafasi. Sisi tuna mashamba ya kulima na korosho za kuokota. Maua yatatufaa nini?" Swali hilo si baya, nami nitalijibu.

Itazameni nyumba isiyo na mti katika mwezi wa Septemba. Mvua zimekwisha tangu Aprili au Mei. Bati la juu limekuwa kama kikaango, vumbi jekundu laingia mpaka ndani ya vyungu, na mgeni akija hana mahali pa kukaa ila penye kivuli chembamba cha ukuta, ambacho nacho chamkimbia kadiri jua linavyopanda. Kisha itazameni nyumba ya jirani yenye mti mmoja uliostawi. Wazee wanazungumza chini yake, watoto wanasoma vitabu vyao, na mama anachambua mboga kwa raha. Basi mti wa pambo si anasa tu, bali ni chumba cha pili cha nyumba, tena chumba kisichodai bati wala misumari. Kile kinachodai ni maji na akili. Na maneno yangu yote ya leo ni juu ya vitu hivyo viwili.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka mmoja nilipata miche 12 ya namna mbalimbali, nikafurahi kupita kiasi. Mvua zilikuwa zimekaribia kwisha, lakini nilisema, "Ardhi bado ina unyevu." Nikaipanda yote siku moja, kwa safu nzuri, kama askari wa gwaride. Mzee jirani yangu akaja na mkongojo wake, akatazama kwa kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, naona umeoa wake 12 siku moja. Je, visima vyako ni vingapi?" Nilicheka, nami nikamjibu, "Babu, Mungu atasaidia." Ilipofika Oktoba ulibaki mche mmoja tu, nao ni ule uliokuwa karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Kumi na mmoja ilikuwa vijiti vya kuwashia moto.

Mzee yule alikuwa amepiga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Haya, na tuipige pamoja. Mche mchanga wataka nusu debe ya maji kila siku ya nne katika kiangazi chake cha kwanza. Kiangazi cha Marambo ni miezi 6 au zaidi, lakini tuseme siku 180. Ukigawanya siku hizo kwa 4, utapata mara 45. Nusu debe mara 45 ni madebe 22 na nusu, kwa mche mmoja tu. Basi miche 10 yataka madebe 225. Na madebe hayo hayaji yenyewe. Aghalabu yaja juu ya kichwa cha mama, au cha binti aliyetakiwa kuwa shuleni saa hiyo. Kwa hiyo, bwana mwenye nyumba, kabla hujashika jembe, keti na jamaa zako mhesabu maji. Aliye na maji ya miche 2 na apande 2. Miti 2 iliyo hai yapamba nyumba kuliko vijiti 20 vilivyokauka.

Neno la pili la akili ni hili: kabla hujapanda, angalia kile kilichokwisha kuota. Nchi ya Marambo ina somo lake juu ya jambo hili, na wazee wengi wamelisimulia. Mwaka 1947 ulianza katika Tanganyika ule mpango mkubwa wa karanga wa Serikali ya Uingereza, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta makubwa yalikuja kuing'oa miti, na reli ikajengwa kutoka pwani. Msitu uliosimama kwa miaka mingi ulilazwa chini kwa muda mfupi. Lakini waliopanga kazi hiyo hawakuijua vema mvua ya nchi wala udongo wake, na karanga hazikutoka kama walivyotumaini. Mwezi wa Januari 1951 Serikali hiyo ilitangaza kwamba mpango unaachwa. Matrekta yalikwenda zao, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Kung'oa mti ni kazi ya dakika chache. Lakini mti hauletwi kwa gari moshi, nao hauna njia ya kuurudisha ila kungoja.

Nasi leo tusifanye kwa uwanja mdogo yale waliyoyafanya wao kwa nchi kubwa. Mtu apata kiwanja, na kazi yake ya kwanza ni kukifyeka chote kiwe cheupe kama sahani. Kisha mwaka wa pili aanza kutafuta mche wa kivuli. Huko ni kutupa mbachao kwa msala upitao. Mti wa asili uliokwisha kuota hauhitaji debe hata moja, kwa maana mizizi yake imekwisha kujua njia ya maji. Ukikuta mkwaju kiwanjani pako, uache. Ukikuta mkongo, uache, na watoto watafurahia mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Ukikuta mninga, uache, nao utakupa maua ya manjano, kisha matunda yake ya mviringo yenye mabawa na miiba katikati. Na miombo yenyewe, je, hamjaiona jinsi inavyotoa majani mekundu kabla ya mvua, wakati nchi yote ingali kavu? Wako watu wanaopanda maua ya kigeni kutafuta rangi hiyo, na huku wameikata nyuma ya nyumba zao wenyewe.

Mpingo pia ni mti wa nchi yetu ya kusini, na maua yake meupe yana harufu nzuri. Lakini hukua polepole mno. Apandaye mpingo hupandia wajukuu. Ukiwa nao, usiukate kwa ajili ya uzuri wa safu.

Sasa, kama kiwanja hakina mti, hapana budi kuchagua. Mwenye kuchagua na ajiulize maswali matatu. La kwanza, mti huu waweza kustahimili kiangazi cha huku? La pili, utakapokuwa mtu mzima utakuwa na ukubwa gani? La tatu, je, una madhara kwa watoto, kwa mifugo au kwa nyumba? Mche ni kama mtoto mchanga. Ukiutazama kitaluni huwezi kujua kimo chake cha baadaye. Kwa hiyo usiulize mche, uliza mti wenyewe: nenda ukautazame mahali ulipokwisha kukua.

Wengi hupenda mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu mwishoni mwa mwaka. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Huko mtaalamu wa mimea, Wenceslas Bojer, aliuona katika miaka ya 1820, na tangu hapo umeenezwa katika nchi nyingi za joto kwa sababu ya uzuri wake. Ni mti mzuri kweli, wenye kivuli kipana kama mwavuli. Lakini mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, nayo yaweza kuinua sakafu na kupasua ukuta. Matawi yake nayo huvunjika upesi kwa upepo. Tena katika kiangazi hupukutisha majani, kivuli kikapungua. Basi upande mkrismasi futi 30 mbali na nyumba, na mbali na kisima na choo vilevile. Asiye na nafasi hiyo asiupande.

Kwa kivuli cha kiangazi, mwarobaini ni afadhali. Asili yake ni nchi za Bara Hindi, na jina lake lilitokana na sifa ya kutibu maradhi arobaini. Hustahimili ukame, hukua upesi, na hukaa na majani muda mrefu wa mwaka. Futi 20 kutoka ukutani zatosha. Mbegu zake huota ovyo, basi ing'oe miche isiyotakiwa ingali midogo. Mjohoro nao una maua ya manjano, nao ukikatwa huchipua tena, hivyo wapamba uwanja na kukupa kuni. Na mwembe msiudharau kwa kuwa mmeuzoea. Majani yake machanga yenye rangi ya shaba ni pambo, kivuli chake ni baraza, na matunda yake ni chakula. Lakini nao ni mkubwa. Upewe futi 30 au 40.

Katika vichaka vya maua, wa kwanza kwa nchi kavu ni bogainvilia. Jina lake lilitokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye katika safari yake ya kuzunguka dunia ya miaka 1766 hata 1769 alikuwa na mtaalamu wa mimea aitwaye Philibert Commerson. Yeye ndiye aliyeuona mmea huu katika nchi ya Brazili. Tena jifunzeni jambo la ajabu: yale tuyaitayo maua yake ni majani yaliyogeuka rangi, maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati. Mmea huu ukinyweshwa mno huota majani mabichi tu, na ukipata kiu kidogo ndipo unapochanua vizuri. Basi ni rafiki wa mtu mwenye maji machache. Lakini una miiba, usipandwe kando ya njia ya watoto.

Mhina pia hustahimili jua, hufaa kwa ua wa kuzunguka nyumba, maua yake yananukia, na majani yake kila mwanamke ayajua kazi yake. Mwasmini na haibiska ni mizuri, lakini yapenda maji zaidi. Ipandwe karibu na mahali pa kuoshea vyombo, pale maji yanapomwagika kila siku.

Hapo nina neno la onyo. Oleanda ina maua mazuri ya waridi na meupe, lakini kila sehemu yake ni sumu, majani, maua na hata vijiti. Isipandwe mahali penye watoto wala mbuzi. Mnyaa ni ua mzuri wa kuzuia mifugo, lakini maziwa yake yakiingia jichoni huunguza vibaya. Mwenye kuukata na ajifunike, kisha anawe. Mbono nao hupandwa sana kuzunguka makaburi na nyua, walakini mbegu zake huwadhuru watoto wanaozila wakidhani ni karanga. Na kichaka kiitwacho lantana, chenye maua madogo ya rangi nyingi, kililetwa katika bara letu kuwa pambo, kikatoroka bustanini. Leo chasonga malisho katika nchi nyingi, na ng'ombe wakikila hudhurika. Hata wataalamu wamewahi kushindwa na mimea yao. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na mimea mingi ya kigeni ikajaribiwa. Baadhi yake imetoroka na kuingia katika msitu wa asili. Basi mgeni asiyejulikana tabia yake asikaribishwe upesi.

Tuje katika kazi yenyewe. Shimo lichimbwe mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo wa juu, ulio mweusi kidogo, weka upande wa kulia. Ule wa chini, ulio mwekundu, weka kushoto. Uchanganye ule wa juu na samadi iliyooza kabisa, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Shimo likae wazi mpaka mvua zije.

Usipande siku ya mvua ya kwanza. Ngoja hata ardhi ilowe mpaka chini, aghalabu ni katika mwezi wa Desemba au mwanzo wa Januari. Hapo mche utapata miezi mitatu au zaidi ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Siku ya taifa ya kupanda miti iliadhimishwa kwa miaka mingi tarehe 1 Aprili, na katika nchi zenye masika ya kaskazini tarehe hiyo yafaa. Lakini huku kwetu mvua huwa zinaaga. Mtu wa Marambo na afanye tarehe hiyo kuwa siku ya kuikagua miche yake, si siku ya kuipanda. Kosa langu la miche 12 lilikuwa hilo.

Siku ya kupanda, loweka mche kwanza, kisha uchane ule mfuko wa nailoni na kuuondoa wote, bila kuuvunja udongo ulioshika mizizi. Wengine hupanda mche pamoja na mfuko wake. Huko ni kumzika mtu akiwa amefungwa kamba. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, kama ilivyokuwa kitaluni. Shindilia kwa mguu pole pole, kisha fanya kisahani cha udongo cha kushika maji. Tena kumbukeni kwamba mwezi wa Januari au Februari mvua husita mara nyingi kwa siku kadha wa kadha. Msidanganyike na mawingu. Katika siku hizo mche hunyweshwa.

Kiangazi kikiingia, nyweshea kwa wingi na kwa nadra, wala si kidogo kidogo kila siku. Maji ya kikombe yalowanisha juu tu, na mizizi hupanda juu kuyafuata, kisha jua laiunguza. Nusu debe kila siku ya nne, jioni, huenda chini, na mizizi huyafuata huko. Iko hila nyingine ya kuokoa maji. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa kitu, ukizike kando ya mche mpaka shingoni, ukijaze maji na kukifunika kwa kigae. Maji yatapenya taratibu katika udongo na kuifikia mizizi, wala jua halitayanywa. Chungu kizee kisichofaa kupikia chatosha kwa kazi hiyo. Kadhalika maji yaliyooshea mboga na mchele yasimwagwe njiani.

Funika ardhi kuzunguka mche kwa majani makavu, lakini uache nafasi ya shubiri moja kutoka shinani, kwa kuwa mchwa hujificha humo. Na jueni kwamba mchwa hupenda zaidi mche wenye kiu. Mche ulioshiba maji huweza kustahimili. Zungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Mwezi wa Juni, safisha nyasi hatua 3 pande zote kwa ajili ya moto, maana moto mmoja wa kichaka waweza kula kazi ya miaka mitatu kwa muda wa kuvuta tumbaku.

Kukata matawi nako kuna adabu yake. Mti wa maua ukatwe baada ya kuchanua, si kabla, usije ukatupa maua ya mwaka mzima. Tawi kubwa likatwe kwanza kidogo kwa chini, ndipo likatwe kwa juu, lisipate kuanguka na kuchuna gome. Tumia msumeno au panga kali. Na usikate yote kwa siku moja. Mti usio na majani ni mtu asiye na jiko.

Ukiufanyia mti hivyo kwa viangazi viwili, huenda katika cha tatu usihitaji tena debe lako. Deni limekwisha, na tangu hapo mti ndio utakaokulipa wewe.

Mwisho nina shauri kwa walimu na wazazi. Msiseme, "Miti hii ni yetu sote," kwa maana kitu cha wote aghalabu hufa kwa kiu. Mpe kila mtoto mche mmoja wenye jina lake, apimiwe na maji yake, na wavulana wachote sawasawa na wasichana. Mtoto aliyebeba maji ya mti wake kwa kiangazi kizima hatakata mti wa mtu ovyo akiwa mkubwa.

Yule mche wangu uliosalia ulikuwa mwarobaini. Umekuwa mti mkubwa sasa, na mzee jirani yangu aliwahi kukaa chini yake siku nyingi kabla hajafariki. Siku moja aliniuliza, "Wale wake wengine 11 wako wapi?" Nikamwambia, "Babu, niliwaua kwa kuwapenda bila hesabu." Akacheka, akasogeza mkeka wake kivulini.

Haya ndiyo niliyokusudia kuwaambia leo.